Tusichimbe bahari kabla ya kuhesabu wakazi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaosema kuwa kuwapa majina minyoo wa bahari kuu ni kupoteza fedha bure.

Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wataalamu walikuta minyoo wakubwa kwenye chemchemi za maji moto, kina cha mita 2,500 hivi. Minyoo hao wakishakua hawana mdomo wala utumbo. Hulishwa na bakteria waliomo mwilini mwao. Jina la Riftia pachyptila walipewa mwaka 1981. Awali walidhaniwa kuwa kabila la peke yake, lakini baadaye ikathibitika kuwa ni jamaa wa nyungunyungu wetu wa shambani. Kazi hiyo haikuwa ya siku moja.

Leo yako makampuni yanayotaka kuchimba madini kwenye kilindi cha Pasifiki, ambako viumbe wengi hawajapewa majina. Asiyeandikwa, akiangamia nani atajua? Hata mwenye duka huhesabu mali kabla ya kuliuza. Mamlaka ya kimataifa ya sakafu ya bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, isiruhusu uchimbaji kwanza. Daftari litangulie, sururu ifuate.

Msomaji wa Siku Zote,
Tanga.