Moto wa mbabula haufi kwa kukosa makala

Barabara ya Buta inapotoka Kisangani huvuka mto Tshopo jirani na bwawa la umeme, huingia msituni, na baada ya kilomita 50 hivi hufika Bengamisa, teritwari ya Banalia. Njia hiyohiyo ndiyo inayoteremsha magunia ya makala hadi mjini, mengine yakiwa yamefungwa kwenye baisikeli ambazo wenyewe huzisukuma kwa miguu, maana mzigo hauachi nafasi ya kupanda. Makala hayo huishia kwenye mbabula, yaani majiko ya makala, za Mangobo, Kabondo na Makiso: majumbani, na kwenye nganda, vilabu ambako ntaba (nyama ya mbuzi) na samaki huchomwa hadi usiku. Tukizungumza juu ya moto wa kupikia katika jimbo la Tshopo, huwa tunauliza makala yatatoka wapi na yataisha lini. Ni swali la haki. Lakini kuna jingine lililo karibu zaidi na mpishi, nalo hatulipi hata robo ya uzito huo: kwa nini moto unamfia ilhali makala yamo? Naamini moto mwingi hufa kwa kukosa hewa na kwa unyevu, yaani kwa kukosa matunzo, na hakuna jiko jipya litakaloponya ugonjwa huo kama matunzo hayatakuja pamoja nalo.

Tuitazame mbabula yenyewe. Wengi hutumia ya bati la pipa au ya rimu ya gari: juu kuna chungu cha makala, katikati sahani yenye matundu, chini nafasi ya majivu na mlango mdogo wa hewa. Ili kilo moja ya kaboni iungue yote inahitaji zaidi ya kilo 11 za hewa, ambazo ni karibu mita za ujazo 10. Hewa hiyo yote haina njia nyingine ila ule mlango na yale matundu. Sasa ivue sahani ya mbabula iliyotumika mwezi mzima, uigonge ukutani, kisha uinue kuelekea mwangaza. Matundu ya pembeni yatapitisha mwanga. Ya katikati, pale moto unapotakiwa kuwa mkali kuliko kote, yatakuwa yamezibwa na majivu yaliyoshikana na mafuta ya nyama na vumbi la makala. Chini yake majivu ya jana yamejaa hadi yamegusa sahani. Mpishi akiona moto unafifia huongeza makala, na makala mapya, yakiwa baridi, huzidi kuubana. Hapo huanza kupepea kwa kipande cha katoni, na wengine, kwa haraka ya wateja, hutia plastiki au mafuta ya taa. Plastiki huacha sumu kwenye chakula, na mafuta ya taa juu ya makala yenye moto yamewaunguza watu. Kazi iliyotakiwa ilikuwa kumwaga majivu kabla ya kuwasha, kuchokoa matundu kwa msumari, na kupepeta vumbi la makala lisiingie jikoni kabisa.

Moto uliobanwa hauishii kwenye kuchelewesha chakula. Makala yanayoungua kwa hewa haba hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu usingizini. Ndiyo maana mbabula inayofifia haifai kuingizwa chumbani usiku wa mvua ili ipashe joto, hata kama inaonekana imekwisha nguvu. Hapo ndipo inapokuwa hatari zaidi.

Unyevu nao ni adui wa kudumu, hasa kwetu. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Kwa wastani hupata zaidi ya milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Gunia linalosafiri kutoka Bengamisa limefunikwa majani tu juu hufika limelowa ubavuni, kisha huwekwa chini, kwenye udongo, ubavu wa nyumba. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula joto la karibu gramu 90 za makala, hata tukichukulia kwamba hakuna joto linalopotea, na kwenye mbabula joto hupotea sana. Mnunuzi, basi, hulipia makala kisha akayachoma mengine ili kuyakausha yaliyobaki. Mbao mbili chini ya gunia na turubai juu yake zingemwepusha na hasara hiyo.

Kuna watakaosema kwamba haya ni ya jiko la kizamani, na kwamba mashine za kisasa zitayamaliza. Tuchukue basi mashine ya kisasa kuliko zote katika uchomaji wa nyama kwa kuni: jiko la peleti, linalotumia vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Joe Traeger wa Oregon, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1986. Parafujo inayozungushwa na mota huchota peleti kutoka kwenye sanduku na kuziangusha katika kikombe cha moto. Nondo ya umeme huziwasha. Feni hupuliza hewa. Kipimajoto huamua kasi. Bei yake ni ya juu mno kwa mwenye nganda wa Kisangani. Na bado moto wake hufa, tena kwa sababu zilezile. Majivu hujaa kwenye kikombe na kuziba matundu ya hewa. Peleti zilizonyonya unyevu huvimba, hurudi kuwa unga na kukwamisha parafujo. Masizi huganda kwenye kipimajoto, nacho hutoa kipimo cha uongo. Wakati mwingine peleti hushikana sandukuni na kuacha shimo katikati, parafujo ikazunguka bure huku sanduku likionekana limejaa. Mwenye jiko hilo huambiwa afanye lile ambalo mwenye mbabula anapaswa kulifanya: atoe majivu, ahifadhi peleti pakavu, asafishe njia ya hewa. Viwango vya Ulaya hutaka peleti zisizidi unyevu wa asilimia 10. Mti ulioachwa wazi katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwetu ni ya kawaida, huvuta maji hadi kufikia asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Anayependekeza kwamba maranda ya viwanda vya mbao vya Kisangani yageuzwe peleti ana wazo zuri. Ila aeleze kwanza zitahifadhiwa namna gani.

Kupikia kwa peleti si jambo la kubuni tu, kwa kuwa limeshajaribiwa karibu nasi. Huko Gisenyi, Rwanda, ukivuka tu mpaka kutoka Goma, kampuni ya Inyenyeri iliwapatia watu majiko ya peleti yenye feni kwa sharti la kununua peleti kwake, na aliyekuwa na matawi aliweza kuyaleta na kupewa peleti. Walijua kwamba jiko lenye feni na betri likiharibika bila fundi hugeuka mapambo, hivyo matengenezo yakawa sehemu ya huduma. Mwaka 2020 kampuni ilifunga kwa kuishiwa fedha. Ilipoondoka, viliondoka pamoja nayo peleti na fundi. Linganisha na jiko la udongo la Kenya lililoanza kuenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hilo lilidumu na kuenea katika nchi nyingi za Afrika, na sababu kubwa ni kwamba mafundi wa jua kali walijua kulitengeneza wenyewe. Ganda lake la udongo likipasuka, mtu huuziwa jingine sokoni, na bati lilelile huendelea kutumika.

Nasi hatuanzi na mikono mitupu. Wachoma makala wa barabara ya Buta wanaijua hewa kuliko mhandisi yeyote wa majiko. Tanuri la udongo hulindwa usiku na mchana. Ufa ukitokea huzibwa mara moja, kwa sababu hewa ikizidi humo ndani miti yote hugeuka majivu, na ikipungua mno moto hufa na kuacha vigogo vilivyoungua nusu. Rangi ya moshi huwaambia wakati wa kufungua tundu na wakati wa kulifunga. Hata kwa uangalifu wote huo, kilo 100 za mti mkavu kwa kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Kitu kilichogharimu mti mwingi hivyo na jasho jingi hivyo, halafu kinakwenda kufia kwenye sahani iliyoziba!

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: msitu wa Bengamisa haumalizwi na mbabula, unafyekwa kwa ajili ya mashamba ya mihogo, mpunga na ndizi, na makala mengi ni ya miti ambayo ingekatwa vyovyote. Lina ukweli, na sidai kwamba kuchokoa matundu kutaokoa msitu. Ninachodai ni kwamba fedha inayoungua bure ni ya mama wa Mangobo anayenunua makala kwa mafungu madogo kila siku, na kwamba kadiri mji unavyotaka magunia mengi ndivyo mkulima anavyopata sababu ya kuangusha mti ambao shamba lake halikuuhitaji. Wengine husema tungoje umeme. Kituo cha Tshopo kipo pale darajani tangu enzi za ukoloni, na watu wa Kisangani wanajua ni mara ngapi mashine zake zimesimama kwa kusubiri vipuri. Ugonjwa ni uleule. Wapo pia watakaoona kwamba mashauri haya yanamtwisha mpishi lawama. La. Mpishi hawezi kununua sahani ya akiba kama hakuna anayeiuza peke yake, na leo sahani ikiungua humlazimu anunue mbabula nzima.

Kwa hiyo naiomba serikali ya jimbo, pamoja na mashirika yanayoleta majiko, yaache kuhesabu majiko yaliyogawiwa na yaanze kuhesabu yanayowaka baada ya mwaka mmoja. Wafua bati wa Kisangani na wa Bengamisa wapewe vipimo vya sahani ya akiba, wafunzwe kuikata kwa ukubwa mmoja, na iuzwe kando ya makala katika kila soko. Na mradi wowote utakaovuka daraja la Tshopo na jiko jipya uulizwe hadharani: fundi wake anakaa mtaa gani, na kipuri chake kinauzwa wapi? Usipokuwa na jibu, urudi na jiko lake.