Masika Inyonga si likizo ya mhandisi

Kijana akimaliza shahada ya uhandisi ujenzi akapangiwa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, wenzake humpongeza mara mbili: amepata ajira, na amepata ajira isiyochosha. "Umelamba asali," humwambia, na kwa kuwa Mlele ni nchi ya mizinga, utani unanoga.

Mimi sioni cha kumpongezea hapo. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Mpaka fedha zishuke na zabuni zikamilike, mvua za Novemba ziko mlangoni. Greda linaegeshwa, mkandarasi anafunga kambi, kijana anabaki na kiti, simu na ahadi kwamba kiangazi mambo yatachangamka. Hadi Aprili kila mtu anamwambia atulie, masika hakuna kazi.

Wanaosema hivyo wanachanganya kazi na malipo ya mkandarasi. Adui mkubwa wa barabara ya udongo ni maji, na maji huonekana masika. Waliosafiri kati ya Tabora na Mpanda kabla ya lami wanayakumbuka maji ya Mto Koga. Kiangazi mhandisi anafika kwenye korongo kavu, anauliza wenyeji maji hufika wapi. Mmoja anamwonyesha goti, mwingine kiuno. Aliyepita hapo asubuhi baada ya mvua kubwa, akapima kwa futi pale majani na matope yaliponasa kwenye mti, akapaka rangi, hana haja ya kubahatisha. Ana namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama panatosha kalavati la sentimita 60 au panataka la 90, na hilo la 90 lina uwazi wa maji mara mbili na robo ya lile dogo. Si tofauti ya kukisia ukiwa ofisini.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa SEAP, ulioanza 2003, ambamo mhitimu hujifunza kazi kwa vitendo miaka 3 chini ya msimamizi kabla ya kusajiliwa mhandisi mtaalamu. Haya, toa masika zote kwenye miaka hiyo. Kwa mvua za huku, umebakiwa na mwaka mmoja na nusu. Kitabu cha kumbukumbu kinaweza kujazwa na kusainiwa (tunajua vinavyojazwa), ila korongo halisomi saini.

Wengine humwambia ashukuru, kwani wenzake wana vyeti kabatini na wanaendesha bodaboda. Ni kweli, na inauma. Lakini shida ya asiye na ajira haipungui kwa sababu mwenye ajira amekaa bure. Tena kauli hiyo hutumika zaidi kumnyamazisha kijana anayeomba kazi ya kufanya. Wengine humshauri asome kozi za mtandaoni. Asome. Hata hivyo, hakuna programu ya kuchorea itakayomwonyesha udongo mweusi wa mbuga unavyovimba ukilowa na kuinua tabaka la changarawe lililomwagwa juu yake miezi miwili iliyopita.

Kijana naye asisubiri aitwe. Aombe orodha ya makalavati yote ya wilaya. Kama haipo, aianze yeye, na kila moja aandike limeziba, limepasuka au limechimbwa pembeni.

Ila lawama kubwa naziweka kwa wasimamizi. Kijana akiomba kwenda barabarani Januari, jibu ni "hakuna fungu", kana kwamba ameomba semina Dar es Salaam. Anaomba pikipiki na mafuta. Mafuta ya kwenda Ilunde na kurudi hayafikii hata bei ya kulizibua kalavati moja, sembuse kulijenga upya baada ya kusombwa, kwa sababu aliyelisanifu alilikagua eneo mwezi wa Agosti.