Usitafsiri bei tu: neno kuhusu taiming cheni

Wengi wetu tunaosikiliza podikasti hii tuna kazi isiyo na mshahara: ukalimani. Benki, hospitali, barua za halmashauri, na gereji pia. Gari la mzee limeanza kukwaruza asubuhi, taa ya injini imewaka, unapigiwa simu: "Mwanangu, hebu njoo uongee na huyu fundi." Unafika, Mwingereza anaeleza dakika tano nzima, halafu wewe unamgeukia baba: "Anasema cheni imekwisha. Bei ni hii."

Mimi naona hapo hujatafsiri kitu. Umemsomea risiti.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa ukimwambia "cheni", anaona baiskeli. Cheni ya baiskeli inabadilishwa chini ya mwembe, fundi anapiga soga huku anafanya kazi. Sasa akisikia mamia ya pauni kwa ajili ya cheni, anajua anaibiwa, na kwa maneno uliyompa ana haki ya kufikiri hivyo. Kinachofuata ni kwamba ataendelea kuliendesha hivyohivyo, "si linatembea?", au atalipeleka kwa mtu wa bei rahisi atakayebadilisha cheni peke yake na kufunga. Yote mawili yanaweza kuua injini.

Basi mweleze. Taiming cheni iko ndani ya injini, nyuma ya kava. Inaunganisha krenki iliyo chini, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti zilizo juu, zinazofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja, hakuna mjadala. Cheni ikilegea, hesabu hiyo inayumba. Ikiruka meno kadhaa, kwenye injini nyingi za sasa pistoni inapanda na kukuta valvu bado iko wazi. Valvu zinapinda, na mazungumzo yanahamia kwenye kutafuta injini nyingine.

Ule mkwaruzo wa sekunde chache unapowasha gari baridi mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Cheni inakazwa na tenshena, na kwenye injini nyingi tenshena inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo kabla presha haijapanda cheni iliyochoka inapiga kelele. Mashine ya gereji nayo ikitoa kodi P0016, inasema krenki na kemshafti haziko sawa, basi. Inaweza kuwa cheni, inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa oili chafu. "Kompyuta imesema" haitoshi. Muulize fundi amehakikisha vipi.

Halafu kazi yenyewe. Chukua injini ambayo ndugu zetu wengi nyumbani wameipanda, 1NZ-FE ya Toyota, lita 1.5, ile ya Vitz, IST na Probox. Oili inamwagwa, mkanda wa nje unatoka, injini inashikiliwa kwa jeki ili mkono wake ufunguliwe, kava ya valvu inatoka, puli ya krenki inatoka, kisha kava ya mbele. Pistoni namba moja inaletwa juu kabisa na alama zinalinganishwa. Tenshena inatolewa, reli za plastiki zinazoongoza cheni zinafuata, ndipo cheni inatoka. (Hizo reli, ukilitamka jina lake la Kiingereza kwa Kiswahili unapata "gaidi", kwa hiyo mbele ya baba mimi nasema reli.) Na hiyo ni injini nyepesi. Kwenye dizeli ya BMW iitwayo N47 cheni iko nyuma, upande wa giaboksi, hivyo ni lazima gia au injini nzima ishushwe. Cheni yenyewe si ghali hivyo. Unalipia saa za kuifikia.

Na ukishaifikia, ukaguzi ndio wenye maana kuliko yote, na ndio unaorukwa na mafundi wa bei rahisi. Cheni hairefuki kama mpira. Vipini vyake vinalika, kila kimoja kidogo sana, na vikijumlishwa cheni nzima inakuwa ndefu. Kitabu cha injini kinatoa kipimo: unavuta kwa nguvu fulani, unapima idadi fulani ya viungo, na unarudia sehemu kadhaa. Meno ya sproketi yanaangaliwa kama yamechongoka au kupinda kama ndoano. Reli zinaangaliwa mifereji. Reli ikiwa imevunjika, lazima vipande vitafutwe, maana vinaangukia kwenye sampu na vinaweza kuziba chujio la pampu ya oili.

Mjomba wangu ni dereva wa teksi. Gari likilala siku tatu, kodi ya nyumba inatetereka. Nilipomtafsiria kazi hivi, hatua kwa hatua, alinikatiza: "Muulize, na meno je? Anaweka cheni mpya kwenye meno ya zamani?" Fundi akatazama karatasi yake. Sproketi hazikuwemo. Ikabidi aandike makadirio upya. Mjomba ameendesha malori miaka mingi kabla ya kuja huku. Alichopungukiwa ni Kiingereza tu, na tukimfupishia habari tunamnyima nafasi ya kutumia anachokijua.

Kuna wanaosema fundi hana muda wa maswali yote hayo. Atapata. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 hapa Uingereza inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Kabla kazi haijaanza, sema mnataka kuona vipuri vya zamani vikitoka, au picha zake, na kwamba makadirio yaandikwe yakitaja cheni, tenshena, reli na sproketi, kila kimoja kwa jina.

Na lile neno "cheni ni ya maisha" mkatalie kwa heshima. Ni kweli ratiba nyingi za sevisi hazitaji muda wa kuibadilisha, tofauti na mkanda. Lakini inaishi kwa oili. Mzee anayechelewesha oili kwa sababu "cheni haibadilishwi" anaila cheni yake mwenyewe, hasa kama safari zake ni fupifupi za mjini.

Wakati wa kurudishia, cheni huwa na viungo vyenye rangi vinavyolingana na alama za sproketi. Kabla ya kugusa stata, fundi anazungusha krenki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili. Alama za krenki na kemshafti lazima zirudi pale pale. Viungo vya rangi havitarudi mara moja, na hilo si kosa, usimtie mzee wasiwasi. Ikikwama njiani, asilazimishe, huenda valvu imegusa pistoni. Na siku ya kuwasha mara ya kwanza inaweza kukwaruza kidogo mpaka oili ifike kwenye tenshena. Mwambie mzee mapema. Kelele ikiendelea, izimwe hapo hapo, na kava ifunguliwe tena.