Filamu za Makauboi na Swali la Ardhi

Ubishi juu ya filamu bora za makauboi haujazimika hapa Babati. Sisi tuliokulia katika mabanda ya video tuliuanza, na vijana wa leo wameurithi. Mmoja huapa kwamba hakuna ipitayo The Searchers ya John Ford (1956). Wa pili humtetea Gary Cooper wa High Noon (1952). Wa tatu hutaka Clint Eastwood awekwe juu ya wote. Ubishi wenyewe sina kinyongo nao, kwani anayebishana juu ya sanaa angalau ameitazama. Kinachonisikitisha ni mizani tunayoitumia.

Wengi wetu hupima kwa wepesi wa bastola na kwa imani kwamba steringi hafi. Wale wanaojiona wasomi hupima kwa orodha za ugenini. Mwaka 2008 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka The Searchers nambari ya kwanza, High Noon ya pili na Shane (1953) ya tatu, na wapo wanaoitaja orodha hiyo kama hukumu isiyokatiwa rufani. Wanasahau kwamba Wamarekani wenyewe hawakupatana. Mwongozaji Howard Hawks hakupendezwa hata kidogo na mlinzi wa sheria wa High Noon, anayezunguka mji mzima akiomba msaada, na mwaka 1959 akatengeneza Rio Bravo ili kumjibu. Basi kwa nini sisi tupokee mizani yao bila kuuliza?

Kauboi ni mchunga ng'ombe. Habari yake, ukiiondolea moshi wa baruti, ni habari ya malisho, maji na ua. Kwa hiyo napendekeza tupime hivi: ardhi inayogombaniwa ilikuwa ya nani, na je, mwenyewe amepewa uso na ulimi?

Kwa kipimo hiki, The Searchers inastahili sifa kwa kuonyesha kuwa chuki ya shujaa wake ni maradhi. Lakini Scar, mkuu wa Wakomanche, aliigizwa na Henry Brandon, mzungu mzaliwa wa Berlin. Mimi naiweka Shane juu yake, kwa sababu ndani yake mfugaji mkubwa na wakulima wadogo wote wanapewa nafasi ya kutoa hoja zao. Hata hivyo, wenyeji wa kwanza wa bonde lile wanatajwa tu; hawaonekani.

Sasa tuje nyumbani. Hawks huyohuyo alikuja Tanganyika kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, akapiga filamu yenye jina la Kiswahili, Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. John Wayne alikuwa kinara wake, na maskani ya wahusika yalikuwa Momela, chini ya Mlima Meru. Ni filamu ya kauboi iliyohamishwa: gari badala ya farasi, kifaru badala ya fahali. Upigaji picha wake ni hodari, nami sitaukana. Lakini waigizaji wakuu wote walitoka ng'ambo. Jina tulitoa sisi, nyika ni yetu, wanyama ni wetu. Mwananchi akabaki mbeba kamba. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji hakuonekana.

Nitaambiwa kwamba filamu ni burudani tu, na kwamba ardhi ni kazi ya mahakama. Nakataa. Ukitoka Babati kuelekea Singida utauona Mlima Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya Shirika la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua sehemu kubwa ya malisho ya Wabarbaig katika uwanda wa Basotu. Taifa lilihitaji mkate, na wafugaji walihitaji nyasi. Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda Mahakama Kuu kikashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ng'ombe, ua, sheria, na watu waliotakiwa kuthibitisha kuwa ni wenyeji wa nchi yao: Ford au Hawks angetaka nini zaidi?

Kijana wa Babati anayeweza kutaja bastola zote za Texas, na hajui kilichotokea Mulbadaw, amefundishwa kuona mbali na kutoona karibu. Hiyo ndiyo kasumba ninayoipinga.

Walimu wenzangu katika kazi hii ya utamaduni, msiwakataze wanafunzi filamu hizi. Waonyesheni Shane, kisha waulizeni nani hakuonekana. Waonyesheni Hatari!, waulizeni swali lilelile. Halafu wapeni kalamu waandike mchezo wa Basotu, ambamo mfugaji, mkulima na hakimu watasema kila mmoja kwa ulimi wake. Siku mchezo huo utakapopigwa picha, tutabishana upya juu ya filamu iliyo bora.