Kisangani: Mtoto amuone kima akiwa hai

Watoto wengi wa Kisangani wanamjua kima aliyekaushwa kwa moshi, mezani pa muuzaji sokoni. Waliomuona akiruka juu ya mti ni wachache, ingawa mji umezungukwa na msitu.

Siku ya Jumapili familia huenda kupumzika kwenye bustani ya wanyama kando ya mto Tshopo. Kivuli kipo, lakini wanyama ni wachache. Hifadhi ya Yangambi, inayotambuliwa na Unesco, iko karibu kilomita 100 kwa kushuka mto Kongo, na sokwe bado wanaishi humo. Mbali zaidi kuna Mbuga ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016, makao ya lesula, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2012 tu.

Serikali huwakataza wanavijiji kuwinda, lakini mnunuzi wa nyama ya pori yuko mjini. Huyo hawezi kulinda asichokijua. Serikali ya jimbo, ICCN na shule wangepanga safari za boti kwenda Yangambi, nauli ilipwe kwa faranga, na wawindaji wa zamani wawe viongozi wa njia.

Msitu ni mnene. Pengine wageni wataona nyayo na viota tu. Hata hivyo, kiota cha sokwe kinaweza kuonyeshwa kila wiki na kumlipa mwanakijiji. Sokwe aliyeuawa huuzwa mara moja tu.