Kuchagua Kazi si Bahati Nasibu

Iko kasumba moja tuliyoirithi kwa Mkoloni ambayo mpaka leo hatujaizika. Ni kasumba ya kudhani kwamba mwanafunzi huipata kazi yake kama mtu apatavyo tiketi ya bahati nasibu: wachache hushinda, walio wengi hurudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna wa kuulizwa.

Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, watoto waliopata nafasi ya sekondari walikuwa kama 13 tu katika kila 100. Alionya kwamba si haki kuwafundisha wote kwa ajili ya hao wachache. Leo milango imefunguliwa: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini je, mlango wa kutokea nao tumeuonyesha?

Tumchukue mtoto wa mkulima wa Daudi, wilayani Mbulu. Kidato cha nne hutakiwa kujaza fomu ya tahasusi na vyuo. Na mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Zaidi ya hayo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Basi swali la kazi humkabili mtoto mapema mno. Baba yake hakuwahi kuulizwa swali hilo. Mwalimu wake ameelemewa na vipindi. Mwishowe hunakili alichojaza jirani yake.

Wapo watakaojibu kwamba shule zina siku ya taaluma. Naam, huja mgeni rasmi, hutolewa hotuba, hupigwa picha, watu wakala wakaondoka. Huko si kupanga. Hakuna mkulima apaliliaye siku moja kisha akangoja mavuno.

Wapo wengine, nao ni wa hatari zaidi, wasemao kwamba mtoto wa kijijini hana la kuchagua, atalima tu. Atalima tu! Wazee wa Kiiraqw walijua kurutubisha mashamba kwa samadi na kuzuia mmomonyoko milimani kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Kilimo ni taaluma. Mjukuu wao anastahili kuuongezea ujuzi huo elimu ya mifugo, ya maji na ya mashine, kwa hiari yake, bila kuitwa aliyeshindwa.

Yapasa basi upangwe mpango wa shule zote. Kwanza, kila shule iwe na mwalimu wa ushauri aliyefunzwa na kupunguziwa vipindi. Kazi isiyo na saa katika ratiba ni kazi isiyokuwapo. Pili, kuanzia darasa la tano, wanafunzi waonyeshwe kazi kila muhula: zahanati, karakana, josho, chuo cha ufundi. Tatu, wazazi waelezwe katika mkutano wa kijiji kabla ya fomu kujazwa, si baadaye. Nne, ofisi za elimu ziweke daftari la wahitimu wote, ijulikane kila mmoja yuko wapi baada ya miaka miwili. Mchungaji ahesabuye tu ng'ombe waliorudi zizini hatajua wangapi wamepotea.

Tutaambiwa fedha hakuna. Mafunzo na safari zina gharama, hatukatai. Lakini daftari, mkutano na saa ya ratiba havihitaji fedha za kigeni, vinahitaji nia. Na chakula cha mgeni rasmi hupatikana kila mwaka.

Ndugu watumishi na walimu, tumefundishwa kwamba kupanga ni kuchagua. Ni aibu basi kumlazimisha mtoto achague mahali ambapo sisi wakubwa hatukupanga. Mtoto wa Daudi haombi upendeleo. Anadai aelezwe kabla ya kutia sahihi.