Bustani na Nyumba: Mvua za Kaskazi Zikiisha Kisiwani Nzuani



Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mbegu za kunde zisibunguliwe. Juma hili nawaomba tufunge safari ya bahari hadi visiwa vya Komoro, tushuke Nzuani, tutembee kidogo katika mashamba na msitu wa huko, kisha turudi nyumbani na la kujifunza. Safari za namna hii hazina nauli, ila zinahitaji masikio.

Nzuani ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 424 tu, lakini kina watu zaidi ya 300,000, na karibu chote ni mlima. Kilele chake, Ntingui, kina urefu wa mita 1,595, na chini yake limelala ziwa dogo la Dzialandzé. Tambarare ni haba. Ndiyo maana mtu wa huko hulima mahali ambapo wengi wetu tungeogopa hata kusimama.

Watu wa Ulaya wana majira yao ya majani kupukutika, wakati mkulima anapokusanya mazao ya mwisho na kuifunika ardhi kabla ya baridi. Kwa kuwa Komoro iko kusini ya ikweta, majira yanayolingana na hayo huangukia Mei na Juni. Miti haibaki mitupu, lakini dalili zi wazi. Mvua za kaskazi, zilizoanza Novemba, zimekwisha nguvu. Upepo umegeuka kuwa wa kusi. Asubuhi kuna ubaridi, na akina mama hujitanda shuka zao vizuri zaidi wakienda shamba. Ndio mwanzo wa miezi mikavu, na ndio wakati mkulima mwenye akili anapofanya kazi ambayo matunda yake hayaonekani mpaka Septemba.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha nyanda za juu, ambaye wajukuu na majirani humwita Koko, yaani nyanya. Nyumba ni yake, kwa kuwa visiwani humo nyumba ni mali ya mwanamke, na mume ndiye ahamiaye. Nilimkuta shambani, jua halijapanda, akihamisha ng'ombe.

"Shikamoo, Koko," nikamwamkia kwa desturi yetu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ngoja kwanza nimpe huyu chumba kipya."

Chumba alichokisema ni mahali pa kumfunga ng'ombe. Huko juu ng'ombe haachiwi kuzurura. Hufungwa kwa kamba kwenye mambo ndani ya shamba, huletewa majani, na baada ya siku kadhaa mambo hung'olewa na kupigwa hatua chache mbele. Hivyo samadi na mkojo huienea ardhi yote, kipande kwa kipande, bila mtu kubeba hata kapu moja. Kandokando ya shamba pamepandwa ua wa miti hai, hasa gilirisidia, ambayo hukatwa matawi mara kwa mara. Majani yake ni chakula cha ng'ombe, vijiti vyake ni kuni, na mizizi yake huushika udongo usiteremke baharini. Njia hii ilienezwa katika nyanda za juu za Nzuani, hasa Niumakele upande wa kusini, ambako ardhi ilikuwa imechoka kabisa. Ni fundisho kubwa kwa yeyote mwenye shamba la mteremko.

Ndani ya ua huo Koko alikuwa na migomba, majimbi, mihogo, mbaazi, na tuta kadhaa za mboga. Nilimwuliza hufanya nini mvua zinapoondoka. Majibu yake nimeyapanga hapa chini, pamoja na nyongeza zangu chache, ili msomaji ayakate na kuyabandika ukutani.

1. Usichome mabaki. Mabua, magugu yasiyo na mbegu na majani ya migomba yatandazwe juu ya udongo, unene wa kiganja. Unyevu ulioachwa na mvua ya mwisho ni akiba, na akiba haiachwi mlango wazi. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze.

2. Tuta zikate mteremko, zisiufuate. Tuta lililoelekea chini ni mfereji wa kumwibia mwenye shamba. Ukingoni mwa kila tuta panda majani ya tembo au nyasi nyingine yenye mizizi mingi.

3. Anza kitalu sasa. Kabichi, nyanya na vitunguu hupenda ubaridi wa kusi kuliko joto la kaskazi, na magonjwa ya ukungu hupungua hewa ikikauka. Sia mbegu katika mistari, funika kwa udongo mwembamba, weka kivuli cha makuti, na umwagilie asubuhi. Miche ya nyanya na kabichi huwa tayari baada ya majuma 4 hadi 6. Vitunguu hutaka majuma 6 hadi 8. Wakati wa kuhamisha, kabichi ipewe nafasi ya sentimita 50, nyanya sentimita 60, kitunguu sentimita 10. Karoti haipendi kuhamishwa; isiwe pale itakapokua.

4. Fanya mboji. Tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi kidogo, udongo kidogo, kisha urudie. Nyunyizia maji, funika kwa majani ya mgomba, na ugeuze kila baada ya majuma 3. Baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi usionuka.

5. Maji yatumike mara mbili. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende kitaluni. Maji ya kunawia yaende kwenye migomba.

6. Vijiti vya ua hai visipandwe sasa. Hapa wengi hukosea. Kijiti cha gilirisidia kikipandwa kiangazi hukauka. Sasa weka alama tu mahali penye mapengo, na kupanda kusubiri mvua za Novemba.

Baada ya chai, Koko alisema, "Umeona bustani. Sasa twende ukaone mama yake." Tukashika njia ya kupanda.

Njia ile kwanza hupita katika mashamba ya milangilangi, ile miti mifupi iliyopindwa matawi ili wachumaji wayafikie maua yake ya manjano. Maua huchumwa alfajiri na kukamuliwa mafuta ya manukato, na Komoro ni miongoni mwa nchi zinazotoa mafuta hayo kwa wingi zaidi duniani. Mafuta hayo yamewasomesha watoto wengi. Lakini chungu cha kukamulia hukaa motoni mchana kutwa na pengine hadi usiku, na moto wake ni wa kuni. Tukiongeza kuni za majiko ya nyumbani, na mashamba yanayopanda mlima kila mwaka, tutaelewa kwa nini ripoti ya misitu ya FAO ya mwaka 2010 iliitaja Komoro miongoni mwa nchi zilizokuwa zikipoteza misitu kwa kasi kubwa kabisa duniani.

Tulipofika juu, hewa ilibadilika. Ukungu ulikuwa umeshuka katikati ya miti mirefu, shina zimevaa kuvu na ndago za mwamba, na mikangindu yenye majani kama miavuli imesimama katika mabonde. Mvua haikuwapo, lakini nguo zetu zililowa. Koko akanyosha mkono chini ya tawi, na matone yakamdondokea kiganjani.

"Hii ndiyo mvua ya kiangazi," akasema. "Haitoki mbinguni. Inatoka kwenye majani."

Maneno hayo ni elimu kamili. Ukungu unaopita juu ya ardhi tupu huenda zake. Ukungu unaopita katika msitu hukamatwa na majani na kuvu, hugeuka matone, huteremka shinani, na udongo laini uliojaa mizizi huyanywa maji hayo polepole na kuyatoa polepole katika chemchemi za chini. Wazee wa Nzuani wanaikumbuka mito mingi iliyotiririka mwaka mzima. Leo iliyobaki ni michache; mingine hujaa kwa ghadhabu wakati wa mvua na kuwa njia ya mawe wakati wa kusi. Mwanamke aliyekuwa akichota maji nyuma ya nyumba, leo binti yake hutembea na madumu.

Akaniashiria ninyamaze, kisha akaonyesha ng'ambo ya korongo. Katika mti mmoja mkubwa walining'inia kama matunda meusi. Walikuwa popo wa Livingstone, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Nzuani na Mwali. Mbawa zao zikinyoshwa hufika karibu mita 1.4, na wote waliobaki hukisiwa kuwa elfu moja na mamia machache tu. Hupenda miti mirefu penye mteremko mkali karibu na maji. Si wanyonyaji wa damu, kama watoto wanavyotishwa. Hula matunda na kunywa asali ya maua, na mbegu wazimezazo huzipanda mbali bila jembe. Katika misitu hiyo hiyo yuko bundi mdogo wa Nzuani, ambaye kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu walidhani ametoweka, mpaka alipopatikana tena mwaka 1992.

Msomaji atauliza: popo na bundi wanahusu nini ukurasa wa nyumba? Sikiliza yaliyotokea wakati wa kushuka.

Chini kidogo ya mwisho wa msitu ipo chemchemi ya Koko. Juu yake ilisimama miti mitatu mikubwa, katika ardhi ya ukoo wake. Nilikuta miwili. Wa tatu ulikuwa kisiki kibichi. Mwanawe wa kiume, baba wa watoto wanne, alikuwa ameuuza kwa mwenye chungu cha kukamulia mafuta ili alipe ada ya shule, na mnunuzi alikuwa ameahidi kuirudia ile miwili. Kijana mwenyewe tulimkuta pale, ameketi kwenye kisiki, shoka magotini.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "mtoto akifukuzwa shule, mti utamfundisha kusoma?"

Koko hakumkaripia. Alichukua kata, akaikinga chini ya chemchemi, akasubiri. Tulisubiri sote. Ilichukua muda mrefu kujaa.

"Mwanangu," akasema, "kata hii baba yako alikuwa akiijaza kabla hajamaliza kunisalimu. Fedha ya mti ule umeila kwa muhula mmoja. Hawa wawili nao utawala kwa mihula miwili. Muhula wa nne utakunywa nini?"

Kijana hakujibu. Nami nakiri kwamba hoja yake haikuwa ya mpumbavu. Mtu hachagui kati ya jema na baya tu, mara nyingi huchagua kati ya mahitaji mawili. Jioni walikaa kikao na mjomba wa ukoo, na waliyoafikiana ni haya: miti miwili isiguswe, kijana apewe tuta sita za bustani ya mama yake alime vitunguu vya kuuza mjini Mutsamudu, na mahali pa kisiki papandwe mche wa mfenesi na mwingine wa mkangazi mvua zitakaporudi. Ada ya muhula ule ilikopwa kwa jirani. Kama vitunguu vitalipa deni, hilo litajulikana Oktoba.

Hawako peke yao katika jitihada hii. Tangu mwaka 2013 kisiwani humo kuna shirika la wenyeji liitwalo Dahari, neno tunalolijua katika Kiswahili kwa maana ya zama zisizokatika, ambalo hufanya kazi na wakulima: kuboresha mazao yao, kupanda miti penye vyanzo vya maji, na kupatana nao wayalinde makao ya popo. Maana yake ni ile ile ya kikao cha Koko. Huwezi kumwambia mwenye njaa aache mti usipomwonyesha tuta.

Nasi nyumbani tuna la kufanya. Jiko la mafiga matatu lililo wazi humwaga moto kila upande. Lizungushie ukuta wa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukiacha mlango mmoja wa kuni, na mzigo wa kuni utadumu zaidi. Loweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika. Funika sufuria. Kausha kuni kabla ya kuziwasha, kwani kuni mbichi ni moshi na machozi. Na mwenye shamba juu ya chemchemi, aache ukanda wa miti asioulima kamwe, hata kama jirani atamcheka.

Siku ya kuondoka, Koko alinipa mbegu za mbaazi katika kitambaa kilichofungwa fundo. Nilipoaga, mwanawe alikuwa kitaluni, amechuchumaa, anafunika mbegu za vitunguu kwa makuti. Shoka sikuliona. Alinipungia mkono wenye udongo.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza namna ya kukausha mboga za majani kivulini zisipoteze rangi wala ladha. Hadi hapo, funikeni ardhi zenu.